Mkakati Ulikuwepo, Miwa Haikuwepo

Kampuni ya Sukari ya Mumias haikuanguka kwa kukosa ubunifu. Nalitanguliza hilo kwa kuwa katika semina za wakuu wa shule na wafanyabiashara wa magharibi mwa Kenya hukosi kuisikia ile hotuba ya "bunini au mfe". Mumias ilibuni. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2009 ilianza kuuzia gridi ya taifa umeme uliotokana na makapi ya miwa, na 2012 ikazindua mtambo wa kugeuza molasi kuwa ethanoli. Mpango huo ungempendeza mshauri yeyote: sukari ikishuka bei, umeme upo; umeme ukiyumba, ethanoli ipo. Hata hivyo, Septemba 2019 benki ya KCB iliikabidhi kampuni kwa msimamizi mrasimu.

Sasa itazame upya orodha ile. Sukari, umeme na ethanoli, zote tatu zinatoka katika bua moja la muwa. Kampuni ilipanua kila kitu isipokuwa uhusiano wake na anayelima. Katika ukanda wetu muwa huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa. Muda wote huo mkulima anaishi kwa subira, huku gharama za kulima, mbegu na mbolea alizokopeshwa na kiwanda zikimngoja siku ya hesabu. Malipo yakichelewa miezi juu ya hapo, naye hupanga mkakati wake, tena bila mshauri: humwita mwenye lori la kiwanda kingine kinachotoa pesa mkononi, au hung'oa visiki akapanda mahindi. Kiwanda hukosa miwa, na deni la mbolea hupotea pamoja na lori. Mitambo ya mabilioni ikabaki ikingoja malighafi iliyokuwa ikipita barabarani kwenda kwingine.

Sisi wa Myanga na Bumula kwa jumla hatuna la kuwacheka watu wa Mumias. Kampuni yetu ya Sukari ya Nzoia, iliyoundwa 1975 na kuanza kusaga miwa 1978, ilipitia njia hiyohiyo ya madeni kwa wakulima na wafanyakazi, hadi mwaka 2025 serikali ilipoikodisha kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Ubishi mwingi umekuwa juu ya nani amepewa. Mimi ningepima jambo moja tu kwanza: zinapita siku ngapi kutoka miwa inapopita mizani hadi pesa zinapofika kwenye simu ya mkulima. Mwekezaji akishindwa hapo, mengine yote aliyoahidi ni mapambo.

Wapo waliolielewa jambo hili mapema. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale 1956, na mahindi chotara yalipoanza kutoka mwaka 1964 ingeweza kuridhika na walowezi wenye mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Badala yake mbegu zilifungwa katika mifuko midogo na kusambazwa kupitia wenye maduka ya vijijini. Mkulima mdogo akaipata mbegu mpya palepale anaponunua chumvi. Mwaka 2006 Andrew Youn alianzisha One Acre Fund hapa Bungoma kwa fikra iliyo karibu na hiyo: mbegu na mbolea kwa mkopo, zifike karibu na nyumbani, mafunzo yatolewe shambani, na deni lilipwe kidogokidogo kadiri pesa zinavyopatikana. Mradi huo una wakosoaji wake, hasa juu ya madeni ya vikundi, na si wote wanaosema ovyo. Lakini uliihesabu kalenda ya mkulima kabla ya kalenda ya ofisi.

Na shuleni je, anayebeba mzigo alihesabiwa kwanza? Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia sekondari msingi, na kwa ushauri wa jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu madarasa hayo yaliwekwa ndani ya shule za msingi. Walimu wakuu, wengi wao waliofuzu kwa cheti cha ualimu wa msingi, wakajikuta wakisimamia vijana wenye shahada, mara nyingi bila maabara. Makaratasi ya mtaala wa umilisi yalikuwa safi. Aliyepewa kuubeba mtaala huo darasani, hata hivyo, mara nyingi alikuwa mwalimu mwanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024 wanagenzi waliweka chaki chini wakidai ajira ya kudumu. Walimu 46,000 walikuja kuipata Januari 2025. Miezi ya masomo iliyopotea katikati hairudishwi na barua ya ajira.

Mtu ataniambia mwalimu mkuu haajiri wala halipi mishahara. Kweli. Hata mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka hauko mikononi mwake, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haimudu kiasi chote. Ndiyo maana nashangaa ninapoona mpango mkakati wa miaka mitano uliojaa maono na dhamira, halafu hakuna ukurasa unaosema shule itafanya nini mgao ukija nusu. Ukurasa huo ndio kazi ya uongozi. Nani atalipwa kwanza? Nani ataambiwa ukweli, lini, na kwa kinywa cha nani?

Maswali hayo yamekuwa mazito zaidi tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ilipoanza na wanafunzi kugawanyika katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Baadhi ya shule zina njia zote tatu, nyingine mbili. Mzazi anachagua, na shule inachaguliwa. Mtakatifu Anthony ya Kitale, iliyojijengea jina kwa soka na hoki, ina la kuonyesha. Shule ya kutwa ya Bumula inayotaka njia ya tatu ili tu isionekane duni itanunua vinanda na nyavu kabla ya kumpata mwalimu wa kuvitumia.

Na vinanda hivyo vitanunuliwa kwa pesa zipi? Shule zetu nyingi hununua mahindi, maharagwe na kuni kwa mkopo kutoka kwa watu wa vijiji jirani. Aliyeleta magunia ya maharagwe muhula uliopita huenda ana mtoto Gredi ya 9, anayejaza fomu ya kuchagua shule. Anajua shule inamdai nini, na anajua vizuri zaidi yeye anaidai nini. Kabla bodi ya shule haijapitisha bajeti ya njia mpya, katibu aisome orodha ya wanaoidai shule, jina kwa jina, pamoja na tarehe walizoleta bidhaa. Kisha bodi iamue, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, gunia lipi litalipwa kabla ya kinanda kipi.