Kichujio cha Duka la Mtandaoni: Soma Mipaka Kabla ya Bei

Mwenye duka la vikoi, leso na vikapu pale Diani siku hizi hategemei wapita njia wa ufukweni peke yao. Mtalii aliyerudi Ujerumani anataka kikoi kingine cha rangi ile ile. Mama wa Nairobi anatafuta leso za harusi ya bintiye na hana nafasi ya kushuka pwani. Duka likiingia mtandaoni, na bidhaa zikizidi ukurasa mmoja, kichujio huhitajika haraka: mnunuzi abonyeze rangi, saizi na bei, abakie na anachokitaka. Zipo kampuni zinazokodisha huduma hiyo kwa mwezi, kwa vifurushi. Wengi wetu husoma bei ya kifurushi na kuiruka mipaka yake, ilhali bili hukua kwenye mipaka.

Chukua idadi ya bidhaa. Kifurushi kikiruhusu 1,000, mwenye vikoi 40 hujiona ana nafasi tele. Lakini zipo huduma zinazohesabu kila namna ya bidhaa peke yake. Kikoi chenye rangi 12, saizi 4 na aina 3 za matamvua ni namna 144. Vikoi 40 vya hivyo ni 5,760. Kwa miaka mingi jukwaa la Shopify liliruhusu namna 100 tu kwa bidhaa moja, kwa hiyo kikoi hicho kingelazimika kugawanywa kiwe bidhaa mbili. Siku hizi kikomo hicho kimepandishwa hadi 2,048.

Sababu ya kuhesabu hivyo ni faharasa. Kichujio hakipekui stoo nzima kila mtu anapobonyeza. Huduma huandaa mapema kitu mfano wa daftari la muuza duka, lenye kuonyesha kila rangi na kila saizi iko rafu gani. Bidhaa ikiuzwa au bei ikibadilika, daftari huandikwa upya, na kuandika huko hutumia seva. Ndiyo maana vifurushi vya bei ya chini mara nyingi husasisha faharasa kwa kuchelewa, na kikoi kilichouzwa asubuhi huweza kuonekana kipo hadi jioni.

Mpaka unaonishangaza zaidi ni wa maombi, yaani mara ngapi kichujio kinaulizwa kwa mwezi. Vichujio 4 vyenye chaguo 5 kila kimoja, mnunuzi akiruhusiwa chaguo moja au asichague, huzaa michanganyiko 1,296. Akiruhusiwa kuchagua mengi kwa pamoja, michanganyiko hupita milioni moja. Kila mchanganyiko ukiwa na anwani yake, roboti za injini za kutafuta huanza kuzitembelea anwani hizo moja baada ya nyingine, na Google yenyewe huwaonya wenye tovuti juu ya hilo. Roboti hanunui leso, lakini maombi yake yanaweza kuhesabiwa kwako. Anwani hizo zifungiwe roboti tangu siku ya kwanza.

Sasa umbali. Mwanga ndani ya waya wa faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kichujio kikiuliza mara tano kwa mfululizo, umbali huo hulipwa mara tano. Basi seva ifuate mnunuzi: wateja wakiwa Ulaya, seva iliyo Ulaya inafaa hata kama mwenye duka yuko Ukunda. Wateja wakiwa Kenya, jambo si jepesi. Nyaya za SEACOM, TEAMS na EASSy zote hutua Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni, lakini seva za huduma nyingi ziko mbali; Amazon, kwa mfano, ilifungua kituo chake cha kwanza cha wingu Afrika mjini Cape Town mwaka 2020. EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ilizorota mara moja.

Bei nayo hutajwa kwa dola. Kifurushi cha dola 29 kilikuwa karibu shilingi 4,640 Januari 2024, dola ilipofika 160. Miezi michache baadaye, kwa dola ya 130, kilikuwa 3,770. Biashara ya Diani pia hupanda Desemba na kulala masika, kwa hiyo kifurushi cha mwaka kisichoshushwa ni hasara ya Aprili na Mei.

Kwa maoni yangu, duka lenye bidhaa chini ya 300 halihitaji kukodi huduma hii kabisa. Maelezo ya bidhaa moja, yaani jina, rangi, saizi na bei, hutosha kwa herufi 200. Bidhaa 300 ni kilobaiti 60 hivi, ndogo kuliko picha moja ya simu isiyopunguzwa. Orodha yote itumwe kwenye simu ya mnunuzi mara moja, uchujaji ufanyike humo humo: hakuna ombi la kuhesabiwa, na hata mtandao ukiyumba Msambweni kichujio kinaendelea. Kinachobaki kuulizwa seva ni kama mzigo upo, wakati wa kulipa.

Aliye na maelfu ya bidhaa akodi, ila kwanza amwulize muuzaji kwa maandishi: kikomo kikivukwa, kichujio kinazimika au bili inapanda yenyewe?