Fahamu: Homa Bay na Migori zina historia gani?

Sherehe za Madaraka zilipofanyika Homa Bay Juni 1, 2025, kando ya ziwa kulizungumzwa samaki na siasa. Kuna zaidi.

Anzia Thimlich Ohinga, mji wa kale ulioko Migori. Kuta zake, za takriban karne ya 16, ni mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na baadhi hupita mita 4 kwenda juu. Milango ni mifupi: rafiki au mvamizi, lazima ainame kwanza. UNESCO iliutambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, na bado Wakenya wengi hawajausikia. Aibu yetu.

Kisiwani Rusinga, Homa Bay, amezikwa Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na miaka 38. Naye Gor Mahia, kabla jina lake halijawa la klabu ya soka mwaka 1968, alikuwa mganga wa Kanyamwa, Ndhiwa, aliyesifika kwa kujigeuza atakavyo.

Na redio? Kisiwa cha Mfangano kina Ekialo Kiona, inayotangaza kwa Kisuba, lugha iliyokuwa ikimezwa na Dholuo.

Ukitaka kuzuru, Rusinga unafika kwa gari kupitia Mbita. Mfangano utapanda boti.