Shada la Majilio: duara la kuhesabia siku

Kazi za mikono za majira ya baridi Ujerumani – Sehemu ya pili

Mswahili wa leo akisikia neno "shada", mawazo humwendea makaburini: jeneza limeshuka, udongo umerudishwa, na msema chochote anawaita ndugu wa marehemu kwa zamu. Mjerumani naye ana neno moja, Kranz, kwa shada la msiba na lile la furaha, tena kalenda yake imeyaweka mawili hayo bega kwa bega. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majira ya kuingojea Krismasi, Waprotestanti wa huko huwakumbuka wafu wao. Siku hiyo iliwekwa mwaka 1816 na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia. Watu huenda makaburini na mashada ya majani mabichi. Jumapili inayofuata, shada jingine la majani yale yale liko juu ya meza ya chakula, na mshumaa wa kwanza unawaka. Kati ya Jumapili hizo mbili zipo siku sita, na ndizo siku ambazo jikoni mwa Wajerumani wengi hunukia utomvu.

Wiki iliyopita tulikunja nyota ya karatasi ya Wamoraviani, iliyoanza kama zoezi la jometri darasani. Leo tunaiacha karatasi na kushika majani.

Mila nyingi hazina mwenyewe. Ukiuliza aliyezianzisha unaambiwa "wazee". Shada la Majilio lina mwenyewe, na jina lake ni Johann Hinrich Wichern. Alizaliwa Hamburg mwaka 1808, katika mji wa bandari uliokuwa na wafanyabiashara matajiri na vichochoro vya watu hohehahe. Mwaka 1833, akiwa na miaka 25, alifungua makao ya watoto maskini katika kijiji cha Horn, ambacho siku hizi kimemezwa na mji. Makao hayo yaliitwa Rauhes Haus, na bado yapo. Walianzia kwenye nyumba ndogo ya kuezekwa kwa nyasi. Watoto hawakulazwa kwenye bweni moja kubwa; waliishi katika makundi madogo mfano wa familia, kila kundi na kijana mlezi ambaye walimwita kaka.

Inasimuliwa kwamba kila Desemba watoto hao walimchosha Wichern kwa swali moja: Krismasi lini? Mzazi yeyote analijua swali hilo. Ukimjibu mtoto "bado siku kumi na saba" hujamwambia kitu, maana siku haionekani wala haishikiki. Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni, akalitundika ukumbini na kulipanga mishumaa: minne mikubwa myeupe kwa ajili ya Jumapili, na ishirini midogo myekundu kwa ajili ya siku za kati. Kila siku waliwasha mmoja zaidi. Mtoto alipotaka kujua zimebaki siku ngapi, aliinua macho akahesabu mishumaa ambayo haijawashwa.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini mishumaa ilikuwa ishirini na minne. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Mwaka 1839 iliangukia Desemba 1, kwa hiyo hadi mkesha wa Krismasi zilikuwa siku 24. Lakini Majilio yakianza Novemba 27, siku ni 28, na mishumaa midogo inayohitajika ni 24. Yakianza Desemba 3, siku ni 22 na midogo ni 18 tu. Shada la Wichern, basi, lilibidi lipangwe upya kila mwaka, kama ratiba ya treni. Lilizaliwa likiwa kalenda. Upambaji ulikuja baadaye. Hata majani hayakuwapo mwanzoni. Matawi ya msonobari yaliongezwa miaka ya baadaye, yapata 1860, na gurudumu la mbao likafunikwa na kijani tunachokijua leo.

Lilipotoka kwenye makao na kuingia majumbani, gurudumu lilipungua hadi kuenea mezani, mishumaa midogo ikaachwa, ikabaki minne ya Jumapili. Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la Waprotestanti wa kaskazini. Katika kanisa la Kikatoliki lilitundikwa mara ya kwanza Köln mwaka 1925. Ndiyo maana leo, katika parokia nyingi za Kikatoliki duniani, unaona mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi unaowashwa Jumapili ya tatu. Hiyo ni kalenda ya Mlutheri wa Hamburg iliyovishwa rangi za liturujia ya Roma.

Kwa nini majani haya na siyo mengine? Jibu liko angani na ardhini. Hamburg iko karibu nyuzi 53 na nusu kaskazini ya ikweta. Desemba 21 jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi alasiri linazama. Mchana wote ni saa saba na nusu. Mkazi wa Dar es Salaam, ambaye mchana wake hautofautiani kwa saa nzima mwaka mzima, ni vigumu kuhisi maana yake mpaka atoke darasani huko saa kumi na kukuta taa za barabarani zimewaka.

Ardhi nayo ikiganda, mizizi haipati maji ya kutosha. Mti wenye majani mapana ungeendelea kupoteza maji kupitia majani yake huku haunywi. Kwa hiyo huyapukutisha, ukasimama mtupu hadi machipuko. Msonobari na jamaa zake walichagua njia nyingine. Majani yao ni sindano nyembamba zilizopakwa nta, zenye vitundu vya kupumulia vilivyozama ndani, kwa hiyo maji hupotea kwa uchache sana. Katika msitu uliokauka rangi, wao hubaki kijani. Wachaga huchukua jani la sale, lisilonyauka upesi, kuombea msamaha na kutambulisha mipaka. Watu wa kaskazini walichukua tawi la msonobari kuwa shahidi kwamba uhai haujakatika.

Sasa tuingie jikoni. Kazi hii nilifundishwa na mama mwenye nyumba niliyepanga kwake nilipokuwa mwanafunzi Hamburg, mjane aliyepita miaka sabini. Mwaka wa kwanza nilijifanya najua. Nikanunua matawi ya bei rahisi, nikayafunga nijuavyo, nikaliweka shada juu ya kabati lililopakana na kipasha joto cha ukutani. Jumapili ya pili ya Majilio nilikuwa na pete ya vijiti na zulia la sindano. Mama yule alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akasema: "Mjukuu wangu, umenunua mti usiopenda nyumba."

Alisema kweli. Matawi yale yalikuwa ya mti ambao Wajerumani huuita Fichte. Ni mzuri msituni, lakini katika chumba chenye joto kavu hupukutika baada ya siku chache. Wanaojua kazi hutafuta aina iitwayo Nordmann, ambayo asili yake ni milima ya Kaukazi. Sindano zake ni laini, hazichomi vidole, na hukaa kwenye tawi hadi zikauke. Wengine huchanganya aina mbili tatu ili kijani kisiwe kimoja. Mtoto mdogo akiwamo nyumbani, mama yule alionya, usitie tunda jekundu la mholi wala jani la ivi, kwani yana sumu. Na mti uitwao Eibe usiuguse kabisa.

Vifaa ni vichache: mkasi wa kukatia matawi, roli ya waya mwembamba, na pete ya nyasi kavu zilizokazwa. Nilipoiona pete hiyo mara ya kwanza niliifananisha na kata, ile ambayo mama zetu huiweka kichwani kabla ya kujitwisha mtungi. Yenye upana wa sentimita 30 inatosha meza ya watu wanne.

Kwanza matawi hukatwa vipande vya sentimita 10 hadi 15, vikapangwa kwa urefu. Kisha hushikwa vipande vitatu au vinne kuwa kicha kimoja. Waya hufungwa kwenye pete mara moja tu mwanzoni, na haukatwi tena mpaka mwisho wa kazi. Kicha cha kwanza huwekwa upande wa ndani, cha pili juu, cha tatu upande wa nje. Waya hupitishwa mara mbili na kuvutwa mpaka uzame kwenye nyasi. Upande wa ndani hupewa vipande vifupi, la sivyo tundu la katikati litazibika. Chini hapawekwi kitu, ili shada likae sawa mezani.

Safu ya pili hulala juu ya vikonyo vya safu ya kwanza, ikivificha pamoja na waya. Hapo mtoto wa pwani niliacha kuwa mgeni. Ni kanuni ile ile ya makuti: kila kuti hulala juu ya mwanzo wa lile lililotangulia, na macho huona paa, hayaoni kamba. Mwezekaji akiacha pengo, mvua humuumbua. Mfunga shada akiacha pengo, humuumbua waya unaomeremeta taa ikiwashwa.

Pete ya sentimita 30 ina mzunguko wa karibu sentimita 94. Kila safu ikisogea sentimita tano, utahitaji safu kumi na tisa, yaani vicha karibu sitini na vipande vipatavyo mia mbili. Mwanzoni nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua jioni nzima. Ukirudi ulikoanzia, unainua kicha cha kwanza, unaingiza cha mwisho chini yake, unafunga, na duara halina tena mwanzo. Mikono wakati huo imegandwa na utomvu ambao sabuni haiuwezi. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo unawe.

Mishumaa minne minene husimamishwa kwenye visahani vya bati vyenye mwiba chini, au hupashwa misumari moto ikachomekwa kitakoni mwa mshumaa. Mapambo ni hiari. Wapo wanaotia makoko ya msonobari, ambayo hufumbuka katika joto la chumba na kujifumba hewa ikiwa na unyevu. Wapo wanaokata machungwa vipande vya nusu sentimita na kuyakausha kwenye oveni yenye moto mdogo kwa saa kadhaa. Na wapo wanaofunga vijiti vya mdalasini au kuchomeka karafuu kwenye chungwa zima.

Hapo kwenye karafuu pana kisa chetu. Wichern alipokuwa hai, Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikitawala soko la karafuu duniani, na wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na maduka na maghala Zanzibar. Mwaka 1859 Hamburg, pamoja na Lübeck na Bremen, ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Majid. Siku mama yule aliponipa chungwa na bakuli la karafuu, harufu ilinifikisha pwani kabla sijachomeka hata moja.

Jambo moja halina mzaha: moto. Sindano za msonobari zina utomvu na mafuta. Zikikauka hazishiki moto polepole, hulipuka. Shada la wiki ya nne siyo shada la wiki ya kwanza, hata kama macho yanaona kijani kile kile. Linyunyizie maji, lilaze usiku mahali pa baridi, usiwashe mshumaa ukatoka chumbani, na mshumaa ukibaki na kimo cha vidole viwili uzime moja kwa moja. Familia nyingi siku hizi hutumia mishumaa ya betri.

Na Tanzania? Makanisa yetu ya Kilutheri, Kimoravian na Kikatoliki yanaadhimisha Majilio, na sharika kadhaa huwasha mishumaa minne. Hata udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, neno la kawaida katika Kanisa la Kilutheri (KKKT), una mizizi kwenye kazi aliyoianzisha Wichern miongoni mwa maskini. Atakayetaka kufunga shada Lushoto, Njombe au Mufindi hatakosa saiprasi na misindano. Wa pwani atatumia mvinje. Hatuna giza la saa kumi alasiri la kupigana nalo. Watoto wanaouliza "lini?" tunao.

Mwaka wangu wa pili nilifunga shada lisilopukutika. Jumapili ya nne tulipokaa mezani, mama yule alinionyesha kitu ambacho anayenunua shada la betri hakipati. Mshumaa wa kwanza ulikuwa umewaka Jumapili nne, wa pili tatu, wa tatu mbili, na wa nne ndio kwanza unaguswa na kiberiti. Ilisimama kama ngazi, kutoka mfupi hadi mrefu. "Hizo ndizo wiki zako," alisema. Baada ya sikukuu alivua majani, akakunjua waya wote na kuuviringisha tena kwenye roli, kisha akaitundika pete ya nyasi kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, kama kata inayongojea mtungi.

Wiki ijayo: piramidi za mbao za wachimba madini wa Erzgebirge, zinazozungushwa na joto la mshumaa.

Itaendelea.