Kozi ya Kiingereza: Uliza Kabla ya Kulipa

Mwezi huu hapa Nyarugusu wazazi wamenisimamisha sana njiani: "Mwalimu, mtoto nimwandikishe kozi ipi ya Kiingereza?" Watoto wetu Wakongomani wanasoma kwa Kifaransa, basi Kiingereza kinatafutwa jioni, kwa pesa ya mfukoni.

Mimi nilikosea zamani. Nilikariri kitabu kizima cha sarufi. Siku mgeni aliponiuliza tu nimefundisha muda gani, nikabaki kutabasamu kama picha. Kitabu kile hakijawahi kuniuliza kitu!

Kwa hiyo jiulize kwanza, unakitaka cha nini? Wa mtihani anahitaji sarufi na kuandika. Anayetaka kuongea na daktari au mteja anahitaji kuongea, na watu watano chini ya mwembe watamsaidia kuliko darasa la watu sitini. Kabla ya kulipa, omba kukaa kipindi kimoja. Hesabu wanafunzi wamefungua mdomo mara ngapi. Kama ni mwalimu peke yake anasema, rudi nyumbani na pesa yako, hata kama mwalimu mwenyewe ni mimi.

Programu za simu je? Duolingo unaanza bure, na ina Kiingereza kwa wanaojua Kifaransa. Vijana wa sekondari inawafaa. Lakini jirani yangu alimwekea mama yake ambaye Kifaransa hakukisoma. Yaani mama anafundishwa lugha asiyoijua kwa lugha nyingine asiyoijua! Siku ya tatu akaacha, eti hana akili. Akili anayo, programu ndiyo haikuwa yake.

BBC nao wanafundisha Kiingereza tangu 1943. Vipindi vyao vya dakika sita unavipakua mara moja, unaweka kwenye memori kadi, unasikiliza hata mara kumi bila bando. Ila ni Kiingereza kitupu, anayeanza atapotea.

Tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025, viti vimepungua darasani kwangu. "Nitaenda nacho wapi?" wananiambia, na sina la kuwajibu. Baba mmoja amebaki. Yeye alikuja kwa ajili ya maandishi ya kwenye dawa za mtoto wake. Wiki jana amesoma pakiti peke yake, sisi tukimsikiliza: mara mbili kwa siku, baada ya chakula.