Seva ya nane

Jumatano ya Agosti 1, 2012, Soko la Hisa la New York lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, kompyuta za kampuni ya udalali ya Knight Capital zilianza kununua na kuuza hisa kama zilizopandwa na mashetani. Katika dakika 45 zilifanya miamala milioni 4, ilhali maagizo ya wateja yalikuwa 212 tu. Hasara ikapita dola milioni 400.

Siku chache kabla, fundi alikuwa ameweka programu mpya kwenye seva zinazopeleka maagizo sokoni. Seva zilikuwa nane. Yeye akaweka kwenye saba. Ile ya nane ilibaki na programu ya zamani yenye kipengele kilichoitwa Power Peg. Kilikuwa hakitumiki tangu 2003, ila hakuna aliyejisumbua kukifuta. Alama iliyokuwa ikikiamsha ndiyo hiyohiyo iliyopewa kazi nyingine katika programu mpya. Seva saba zikaelewa. Ya nane ikamfufua marehemu. Katika taharuki, mafundi wakaiondoa programu mpya kwenye zile saba wakidhani ndiyo mbovu. Sasa Power Peg ikawa inafanya kazi kwenye zote.

Wadhibiti wa Marekani walibaini kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili ahakiki. Sawa, lakini kukagua seva mojamoja kwa macho ni kazi ya kuiachia mashine, na zana zilikuwapo siku nyingi. Mwaka 1993, Mark Burgess, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Oslo, alitunga CFEngine. Puppet ikafuata 2005. Humo huandiki hatua za kufuata, unaandika hali unayoitaka: toleo fulani la programu liwepo kwenye kila seva ya kundi hili. Puppet, kwa kawaida, huamka kila nusu saa ndani ya seva na kulinganisha. Kilichopungua hukiweka, kilichopinda hukinyoosha, kilicho sawa haikigusi. Anayesahau seva moja kati ya nane ni binadamu.

Lakini mashine husambaza na kosa kwa kasi ileile. Oktoba 4, 2021, amri moja ya matengenezo ilikata mawasiliano ya vituo vyote vya data vya Facebook. Chombo cha kukagua amri za namna hiyo kilikuwa na kasoro, kikaipitisha. Huku kwetu WhatsApp, ya kampuni hiyohiyo, ilinyamaza tangu jioni hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo, pamoja na zana, awepo mlinzi, na mlinzi asikike. Asubuhi ile kule Knight, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma baruapepe 97 zinazotaja Power Peg. Hazikutengenezwa kuwa tahadhari, na wafanyakazi hawakuwa na mazoea ya kuzisoma. Kwa maoni yangu, baruapepe ndiyo njia dhaifu kuliko zote ya kumwita fundi wa zamu. Kampuni ya programu ya GitLab ililijua hilo Januari 31, 2017, mhandisi alipofuta kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazipo: utaratibu wa kuzitengeneza ulikuwa ukishindwa kimyakimya, kwa kuwa baruapepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa na seva iliyopaswa kuzipokea. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.