Mkrismasi Uani: Pima Kiwanja Kabla ya Kuchimba Shimo

Apitaye katika barabara za Bujumbura mwishoni mwa mwaka hakosi kuuona mkrismasi, mti ambao wengi wetu, kwa kufuata Kifaransa, tumezoea kuuita flamboyanti. Maua yake mekundu huufunika mti mzima kama mwavuli, na mwenye nyumba huingiwa na tamaa ya kuwa nao uani.

Tamaa hiyo si mbaya. Hata hivyo, mti huu wenye asili ya Madagaska hukua haraka, na matawi yake hutanuka kupita urefu wake. Mizizi yake minene hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikainua sakafu na kupasua kuta. Katika viwanja vilivyobanana vya Buyenzi au Bwiza, ukuta unaopasuka huenda ukawa wa jirani, na hapo kivuli hugeuka kesi.

Basi, ndugu msomaji, chukua kamba upime. Usipopata mita 8 hivi kutoka shimo hadi kwenye nyumba, ukuta, choo na nyaya za umeme, uache mkrismasi uwapendeze wapita njia barabarani.

Mwenye nafasi na aanze na mbegu. Ganda lake ni gumu. Zimwagie maji ya moto, uziache usiku kucha, kisha upande zilizovimba. Zilizobaki zikwaruze kwa jiwe. Mche usikawie koponi, kwani mizizi itajizungusha na mti hautasimama imara. Mvua zikishashika, mwezi wa Oktoba au Novemba, chimba shimo lenye upana wa sentimita 60, utie samadi iliyooza, na shingo ya mche ibaki sawasawa na ardhi. Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Agosti, ndicho kiuacho miche: ndoo moja ya maji jioni, mara mbili kwa juma, itatosha. Acha shina moja tu lipande juu, maana matawi ya mti huu huvunjika upesi kwa upepo. Maua usiyatarajie kabla ya miaka 5 hivi. Pengine utangoja zaidi.

Kwa mwenye ua wa wastani, mimi ningemshauri umurinzi, mti wetu wenyewe, ambao wazee waliuheshimu katika ibada za Kiranga. Nashangaa kwamba tunausahau. Huchanua mekundu wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, na ndege aina ya chozi huufuata. Huvumilia kukatwa, hata watu huufanya uzio, na hauhitaji kitalu: kipande cha tawi nene huchomekwa ardhini mvua zianzapo, kikachipua.

Mzazi mwenye watoto wadogo azingatie miiba ya matawi yake, na zaidi mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi. Zinavutia kama shanga, lakini zina sumu. Zifagiliwe kila asubuhi kabla watoto hawajatoka kucheza.