Kigari cha kukimbia na mtoto si kigari chochote

Mwaka juzi, asubuhi ya Jumapili pale Mama Ngina, mwanangu alichomoka kwenye kigari akaangukia paji la uso juu ya kabro. Alikuwa na miezi kumi. Alhamdulillahi ilikuwa mchubuko na uvimbe kama ndimu tu, lakini mamangu hakunisemesha siku mbili, na haki yake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nakimbia na kigari cha kutembelea.

Nieleze kwanza nilivyofika hapo. Mimba ya huyu kitinda mimba niliibeba nikiwa na miaka 41, na kliniki wakanikuta na sukari ya mimba. Nilipojifungua ikashuka, ila nesi akaniambia wazi kwamba mwanamke aliyewahi kuipata yuko hatarini zaidi ya wenziwe kupata ugonjwa wa sukari wa kudumu baadaye. Mimi nimemuuguza babangu akakatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito kama kukimbia. Muda huo ninao, baada ya sala ya alfajiri. Wa kumwachia mtoto ndiye sina. Mume wangu ni mtu wa zamu, na wakubwa saa hizo wanajitayarisha kwenda skuli. Ama niende naye, ama nisiende.

Mamangu alinishauri mbeleko. Kwa kutembea, mbeleko haina mpinzani. Lakini ukikimbia, kichwa cha mtoto hurushwa kila hatua, na ukijikwaa mnaanguka wawili. Basi nikachukua kigari tulichopewa arubaini ya mtoto, kile cha kujikunja kama mwavuli, chenye vigurudumu vya plastiki vidogo mithili ya vifuniko vya chupa ya maziwa. Nilikwenda nacho wiki tatu nikijiona hodari. Siku ile kigurudumu cha mbele kikaingia kwenye ufa wa kabro, kigari kikasimama ghafla, mimi nikaendelea. Mkanda ulikuwa wa kiunoni tu, tena umelegea.

Sasa nimejifunza. Tofauti kubwa iko mbele. Kigari cha kutembelea kina gurudumu la mbele linalozunguka kila upande, ili upite nacho kwa wepesi dukani au kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Mwendo ukizidi, gurudumu hilo huanza kutetemeka, na kijiwe kidogo chaweza kuligeuza likasimama mshazari, kigari kikapinduka. Cha kukimbilia lina mwelekeo mmoja tu, au lina pini ya kulifunga lisizunguke. Likishafungwa, kukata kona unabonyeza mpini chini kidogo, mbele inanyanyuka, unageuza. Siku mbili tatu utalalamika, kisha mkono unazoea.

Jambo la pili ni magurudumu yenyewe. Yawe makubwa na yenye upepo. Mmarekani mmoja aliyekuwa mwandishi wa magazeti na mpenda mbio, Phil Baechler, ndiye aliyefunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha mwanawe mnamo 1984, na biashara yote hii ikatokana na hapo. Na kwetu sisi hiyo ni faida, maana vigari vingi vya aina hii hutumia tairi za inchi 12 na 16, ukubwa ule ule wa baiskeli za watoto. Tyubu ikipasuka huagizi Dubai, unakwenda kwa fundi wa baiskeli wa mtaani.

Huyo fundi ndiye aliyeninusuru. Nilikuwa nimekwisha toa rubuni ya kigari cha magurudumu matatu katika duka moja la vitu vilivyotumika Ulaya, nikampitishia mzee akitazame. Akakigeuza miguu juu, akazungusha gurudumu, akaguna. "Mwanangu, hiki kina miguu mitatu, lakini si cha mbio." Gurudumu la mbele halikuwa na pini ya kulifunga, wala mpini haukuwa na kamba ya mkononi. Rubuni yangu sikurudishiwa. Kwa hivyo usihesabu magurudumu ukaridhika. Tafuta maandishi ya mtengenezaji yanayosema waziwazi kwamba kinafaa kukimbia.

Nilichokuja kununua baadaye, kwa Sh12,000 baada ya kubishana mpaka muuzaji akacheka, tulikikagua pamoja. Tulikisukuma sakafuni na kukiachia, tuone kama kinakwenda sawa au kinavuta upande mmoja. Tulitazama kutu kwenye ekseli na spoku, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma kikiwekwa kibarazani. Mzee alivuta mikanda kwa nguvu zake zote: uzi ulioliwa na jua hukatika siku unayouhitaji. Mikanda iwe ya sehemu tano, miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu. Lakini zaidi alishughulika na kiungio cha gurudumu la mbele, hasa lile linalobanwa kwa wenzo badala ya nati. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni moja, ikidai magurudumu ya namna hiyo yalikuwa yakichomoka mtu akiwa mbioni na kuumiza watoto na wazazi. Mimi huutikisa wangu kila asubuhi kabla ya bismillahi ya kwanza.

Breki tuliijaribu kwa pakiti tano za unga za kilo mbili mbili, mtelemkoni. Ya mguu ni ya kuegesha tu. Ya mkononi ni ya kupunguza mwendo, na kwa anayeteremka upande wa feri si ya kukosa. Ile kamba ya mpini ivae mkononi hata kama wapita njia watakucheka. Huku una matatu, huku una mwamba na bahari. Kigari kikikuponyoka hakuna wa kukimbilia kukishika. Na usitundike kikapu mpinini, kitapinduka kinyumenyume.

Umri wa mtoto: watengenezaji wengi huandika miezi sita kwa uchache kabla ya kukimbia naye, wengine minane. Shingo iwe imekaza na aweze kukaa mwenyewe. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, muulize daktari kwanza.

Kina mama wenzangu, leso! Najua mkono unavyotuenda wenyewe kufunika kigari jua likichomoza. Leso iliyofunika pote huzuia hewa, na ndani joto hupanda upesi, mtoto akaiva na wewe nje unajisikia vizuri. Tumia kifuniko cha kigari chenyewe, pembeni pawe wazi, na uwe umerudi nyumbani kabla jua halijakali. Mguse shingoni mara kwa mara.

Na vazi. Magurudumu ya nyuma yametanuka, buibui refu huingia ndani yake mara moja. Mimi huvaa suruali pana na kanzu inayoishia chini ya magoti, mtandio nimeubana kwa pini. Kwenye baraza moja nipitapo, wazee waliniuliza siku za mwanzo kama mtoto hana miguu. Siku hizi hunihesabia mizunguko, na mmoja wao ana sukari, ameanza kutembea.

Mtoto amezidi miaka miwili sasa na anataka kusukuma yeye. Tairi la mbele limelika, Jumamosi ninampelekea fundi.